Kijani Upande wa Dirisha

Siku Yahye alipoondoka, ndara zake zilibaki mlangoni, maana matope ya mtaa wa Iftin yalikuwa yakizinyonya miguuni. Ilikuwa Novemba 1997, mto Tana umevunja kingo, na mama yake, Osob, alimtuma akawatoe mbuzi watatu waliokwama karibu na maji. Mbuzi wawili walirudi wenyewe.

Dirishani aliacha chupa ya jemu yenye maji ya kijani, aliyoyachota kwenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, kwa somo la bayolojia. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimweleza dada yake, Khadijo, kwamba kile kijani ni viumbe hai, maelfu kwa maelfu, kila kimoja seli moja tu, yenye mijeledi miwili ya kuogelea na doa jekundu la kuhisi mwanga.

"Wewe una macho mawili na sindano huioni," alimtania. "Hiki kina doa tu, na jua hakilikosi."

Mwili haukupatikana. Wiki ya sita Bishar, baba yao, alikwenda kwa sheikh, akaambiwa kwamba hata maiti asiyeonekana huswaliwa. Osob alikataa. Alikuwa ameona jambo: kile kijani hujikusanya upande wa dirisha. Akiigeuza chupa jioni, kesho yake adhuhuri kijani kimerudi kuuelekea mwanga.

"Bado anageuka," alisema. "Hamtamswalia mtu anayegeuka."

Khadijo alijua kinachogeuka ni nini, akafumba mdomo. Tena alifanya zaidi: maji yalipopungua chupani, aliongeza kikombe kutoka jerikeni, kwa siri, mama asije akapoteza na hicho. Maji ya jerikeni yaliletwa na mkokoteni wa punda kutoka Tana, mto uleule uliomchukua Yahye.

Mwaka ukapita hivyo. Kila jioni Osob alimwekea mwanawe maziwa, kila asubuhi akayamwaga. Alikonda hadi bangili ikawa inamteleza akitawadha. Bishar aliacha kuuliza lini mwanawe ataswaliwa.

Kiangazi kilipoingia, adhuhuri moja Khadijo alimkuta mama amesimama dirishani, paji la uso likigusa chupa.

"Nilikutuma kwa ajili ya mbuzi," alikuwa akiiambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi mlangoni pa watu. "Watatu tu."

Khadijo aliketi sakafuni.

"Hooyo," alimwita mama yake, "mimi ndiye ninayeongeza maji."

Osob hakugeuka. "Najua. Jerikeni hupungua nami sijachota. Nilidhani wewe ndiye huwezi kumwacha."

Tangu hapo hakuna aliyeongeza. Joto likayanywa maji polepole. Kijani kikawa utando, utando ukawa ukoko wa rangi ya kutu, upande uleule wa dirisha. Ijumaa ambayo chupa ilikauka kabisa, Osob alimwambia mumewe aende msikitini. Yahye akaswaliwa, bila jeneza.

Kitabu chake cha bayolojia kinasema viumbe hao wakikaukiwa hujifungia ndani ya gamba wakalala, na maji kidogo huweza kuwaamsha. Khadijo ameusoma ukurasa ule mara nyingi, hajamwonyesha mama. Chupa ingali dirishani. Kila Ijumaa Khadijo huifuta vumbi kwa kitambaa kikavu.