Nakato Ameruka

Mara ngapi nilimwambia Roselyne: ukipokea simu ya mtu, yapeleke maneno kama ulivyoyasikia, usiyapike! Hasikii. Mkenya yule moyo wake mweupe kabisa, lakini mdomo unafika kabla ya mwenyewe.

Tulikuwa watatu chumba kimoja hapa Mansoura, mjini Doha, wote tunasafisha vyumba hoteli moja kule West Bay. Mimi Rehema wa Tanga, Roselyne wa Kakamega, na Proscovia, Mganda wa Masaka. Kwao hawamwiti Proscovia, wanamwita Babirye. Amezaliwa pacha, na kwa Waganda mapacha wa kike hawachaguliwi majina: aliyetangulia kutoka ni Babirye, anayefuata ni Nakato. Nakato wake ni Olivia, na alibaki nyumbani.

Nilikuwa namtania sana na mila zake. Ukoo wao ni wa Uyoga, basi uyoga hali. Kantini wakipika supu ya uyoga, analisukuma bakuli huko na kula mkate mkavu.

"Babirye, hiyo mboga, siyo shangazi yako!"

"Ni ndugu yangu," anajibu, hacheki. "Wewe unaweza kumla ndugu yako?"

Nikamwambia sisi Tanga ukoo wetu ungekuwa wa samaki tungeshakufa njaa zamani. Hapo akacheka mpaka akapaliwa.

Na hayo ya uyoga yana nafuu. Kwa mapacha, anachopewa mmoja lazima na mwenzake apewe. Kwa hiyo Proscovia tangu aje Doha hajanunua kitu kimoja. Ndala jozi mbili, losheni chupa mbili, hata vitana viwili. Vitu vya Olivia vilijaa sanduku zima chini ya kitanda, kila siku najikwaa nalo na kulitukana. Miaka mitatu hawajaonana, watu waliolala tumbo moja.

Kisha viza ya Olivia ikatoka, tena hoteli ileile yetu. Jamani, Proscovia hakukalika naye. Kitanda cha juu yake kilikuwa wazi, akakitandika mashuka ya zambarau na kukipuliza manukato, na sisi marufuku kuweka hata mkoba pale.

"Sijalala vizuri tangu nifike nchi hii, Rehema," aliniambia. "Nusu yangu iko kule."

Ikabaki kusubiri tiketi tu, na hiyo ingeweza kutoka siku yoyote.

Simu ikaja Alhamisi. Kazini kwetu simu haziruhusiwi, Proscovia alikuwa ameiacha yake chumbani ikichaji, na Roselyne alikuwa na mapumziko. Aliyepiga ni mzee Herbert, baba yao mkubwa, ndiye kiongozi wa nyumba yao ndani ya ukoo, ndiye aliyesimamia ngoma za mapacha walipozaliwa. Kiswahili alijifunzia jeshini. Waliongea kidogo tu, simu ikakatika.

Tuliposhuka kwenye basi la kampuni, Roselyne alikuwa anatungoja barabarani, kanga imemvuka begani.

"Prossy! Aki Mungu ni mwema! Olivia amepanda ndege! Mzee wenu amepiga!"

Proscovia alipiga magoti palepale kwenye vumbi. "Banange!" alikuwa analia na kucheka. Akampigia mzee, simu imezimwa. Akasema atakuwa njiani kurudi kijijini, huko mtandao wa kubahatisha. Na ndege ya Entebbe inatua jioni hiyohiyo, nani angekaa kungoja mzee achaji simu? Tulioga haraka haraka, tukachukua teksi. Proscovia alikuwa amenunua mitandio miwili ya manjano, imefanana. Mmoja alijifunga, wa pili akaukunja mkononi.

Uwanja wa ndege ule unajua ulivyo, unang'aa hadi unaona aibu kukanyaga. Abiria wa Entebbe wakaanza kutoka. Kila msichana mwembamba, Proscovia alinyanyuka kwa vidole vya miguu. Wakatoka wenye watoto, wakatoka wenye mabegi yaliyofungwa kamba, wakatoka na wahudumu wa ndege wenyewe wakivuta visanduku vyao. Mlango ukafungwa, haukufunguka tena.

"Labda wamemshikilia kwenye viza," Proscovia akasema.

Mimi sikupenda. "Roselyne, huyo mzee alisemaje?"

"Si nimewaambia? Olivia amepanda ndege."

"Alitamka hivyo? Amepanda ndege?"

"Kitu kama hicho."

Hasira zikanipanda, watu wakageuka kutuangalia. "Sema alivyosema yeye, usitupikie! Neno kwa neno!"

"Alisema, 'Mwambie Babirye, Nakato ameruka. Asilie.' Basi. Nikajua ni machozi ya furaha. Si ndege inaruka, jameni?"

Nikamgeukia Proscovia nimwambie tuulize kaunta. Ule mtandio wa mkononi ulikuwa umemwanguka, na hakuuokota.

"Ameruka," akasema polepole. Kisha akalisema kwa Kiganda: "Abuuse."

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Kwetu pacha hafi, Rehema. Hatulitamki hilo neno kwa pacha. Tunasema ameruka."

Roselyne alianguka chini kwa kilio. Ni Proscovia, mwenye msiba, aliyemwinua na kumfuta uso kwa mtandio wa Olivia. "Nyamaza, Rozi. Kwetu pacha haliliwi."

Mzee alipatikana tulipokuwa tumerudi chumbani. Olivia alikuwa amepanda bodaboda kwenda mjini kuulizia tiketi yake, lori likawagonga. Wanazika kesho yake. Hata Proscovia angepewa ruhusa kazini asingewahi.

Proscovia alikata simu, akapanda kitanda cha juu, akaanza kutandua yale mashuka ya zambarau. Akayakunja ncha kwa ncha, vizuri, kama anayekunja ya hoteli. Hakutoa hata chozi. Nilishindwa kuvumilia.

"Lia basi! Utapasuka!"

"Mzee amesema nisilie."

"Mzee yuko Masaka! Hapa nani anakuona?"

"Nakato ananiona," akasema.

Nilijikwaa na lile sanduku, safari hii nikaketi juu yake, ndala za Olivia na losheni zake chini yangu, na moyo wangu ukakatika. Mimi si wa ukoo wa Uyoga. Mimi hakuna mzee aliyenikataza. Nililia kwa sauti hadi wa chumba cha jirani wakagonga ukuta.

Proscovia alishuka, akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa gotini pangu. Macho yake makavu kabisa.

"Lia, Rehema," akasema. "Lia, dada yangu. Nililie na mimi."