Chini ya Godoro

Kila kiangazi Kahongya alikimega kijito hatua moja, na kwa kuwa kijito hakijui kushtaki, aliona mambo yanamnyookea. Alipanga magunia ya udongo ndani ya maji, akashindilia kokoto, kisha akahamishia miche ya mpaka mbele. Mjini Butembo mpaka haupandwi na mtu mmoja: jirani huitwa, akashika mche upande wake, watu wakaona. Upande wa maji Kahongya hakumwita mtu. Angemwita nani?

Mwaka wa tatu ardhi hiyo ilitosha chumba cha mbao. Alimjengea bintiye Nadège, aliyekimbia vita kijijini Mabalako na watoto wawili na godoro moja. Jinsi alivyojivunia chumba kile! Kila mgeni aliyepita mtaa wao wa Mususa alionyeshwa, apende asipende.

Jumanne mchana ikanyesha mvua ya kutisha. Maji yaliyobanwa upande wake yakageukia ng'ambo, yakabomoa jiko la jirani yake Gamaliel na kubeba masufuria na kuku. Huko watu walipiga mayowe. Huku Kahongya alimshukuru Mungu kwamba chumba kimesimama. Haya ilimjia baadaye.

Asubuhi Gamaliel alivuka daraja la miti, jembe begani. Kahongya alikuwa amejiandalia maneno makali, na hakuwa maskini wa maneno.

"Wavukire, Mama Nadège," Gamaliel alimwamkia. "Niko nataka kujenga tena, mais sitaki tugombane. Unionyeshe weye mwenyewe fasi muto ilikuwa inapita zamani."

"Na utaniamini?"

"Donc nani mwingine alikuwa pale?"

Swali hilo lilimchoma kuliko tusi. Angeweza kunyoosha kidole kwenye magunia yake, na hakuna ambaye angembishia. Gamaliel angejenga palepale, na mvua ijayo ingembomolea tena, pengine na watoto wakiwa jikoni. Kahongya aliingia chumbani, na Gamaliel akamfuata hadi mlangoni. Nadège alikuwa akimvisha mwanawe mdogo sweta.

Kahongya alipiga hatua moja, ya pili, akasimama katikati ya chumba.

"Ni hapa," alisema. "Chini ya godoro."

Gamaliel alishusha jembe, akatazama pembeni.

"Mama," Nadège aliuliza polepole, "na siye batatuweka wapi?"

Kahongya aliinama, akashika ncha moja ya godoro, akamngoja binti yake ashike ya pili.