Masale ya Chemchemini

Elieshi alikuwa na marafiki katika nchi tano ambao hajawahi kupeana nao mkono. Kundi lao la WhatsApp lilikuwa na sharti moja tu: kila mmoja aitunze chemchemi ya kwao, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi waonyeshane kwa video.

Sunita wa Nepal ndiye aliyeandika kwamba udongo wa mteremko hushikwa vizuri na mmea unaoota kwa kipande na usiohitaji kununuliwa. Elieshi alikulia Arusha mjini, akahamia Nkoaranga kwa shangazi yake, Prisca, ili asiwe mbali na chuo cha Makumira. Akachungulia dirishani akaona masale, ile mimea ya majani marefu, yamejaa pembeni mwa shamba. Hayafi ukiyachomeka, tena bure! Siku hiyohiyo akachomeka vipande arobaini, mstari umenyooka, kati ya chemchemi na migomba ya jirani yao, Bibi Tabea. Akapiga picha, akairusha kundini, na pongezi zikamiminika hadi simu ikaishiwa chaji.

Asubuhi akakuta yote yameng'olewa, na njia ya kwendea majini imezibwa kwa miiba.

"Umepanda mpaka!" Shangazi Prisca alishika kichwa. "Sisi Wameru masale ndiyo mpaka, Elieshi. Umemwambia mjane wa watu maji si yake."

Akamsimulia. Bibi Tabea alipofiwa na mumewe, hata matanga hayajaanuliwa, shemeji yake alikuja na masale akaligawa shamba. Mama wa watu alihangaika kwenye baraza la ardhi miaka mitatu mpaka yakaondolewa.

Elieshi aliona aibu, ile ya kumfanya mtu asusie chakula. Bibi Tabea ndiye aliyempeleka chemchemini mara ya kwanza, akamwonyesha kwa fimbo maji yalipokuwa yakifika zamani. Alikuwa akimwita mjukuu wangu. Kumpoteza bibi huyo kulimuuma kuliko kuikosa hiyo video ya Jumamosi.

Akawaeleza wenzake. Ushauri ukaja wa kila namna: andika barua, itisha kikao, mpelekee keki. Keki, jamani!

"Weka simu chini," Shangazi alisema. "Kachukue isale. Hilohilo ulilomkosea nalo. Anayeomba radhi na isale mkononi hakataliwi hivihivi."

Jioni Elieshi alisimama uani kwa Bibi Tabea, amekumbatia shina zima la isale lenye majani yake kichwani, refu karibu kama yeye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

"Nimekukosea. Sikujua, na sikuuliza. Naomba unisamehe."

Hapo bibi akatazama. Akatazama tena, midomo ikaanza kumcheza.

"Ni nani aliyekufundisha? Jani moja linatosha, mjukuu wangu. Wewe umeniletea mti!"

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na Elieshi naye akalia bila kujua analia furaha au uchovu. Kisha bibi akalipokea lile shina kwa mikono miwili, akachukua jembe, akatangulia njiani. Miiba akaisogeza mwenyewe. Hakupanda kwa mstari. Alilichimbia peke yake, karibu kabisa na jicho la maji, pale udongo ulipokuwa ukimomonyoka.

"Mengine utapanda nitakapokuonyesha," alisema. "Kwa kuzunguka, sote tuwe ndani."

Jumamosi simu iliegemezwa kwenye jiwe. Sunita akauliza kwa Kiingereza kwa nini mwezi mzima wamepanda mmea mmoja tu. Elieshi akamtafsiria bibi, huku akiona haya kidogo.

Bibi Tabea akainama karibu na kioo, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Waambie huu si mpaka," alisema. "Waambie nimeupanda mimi."