Oktoba Iliyohamia Machi

Simu ilipolia, Alvester Mayhew alikuwa juu ya ngazi anatoa majani kwenye mfereji wa paa. Akashuka taratibu kwa sababu ya goti lake bovu. Akasikiliza, akasema "ndiyo, ndiyo," akasema "naelewa" ilhali haelewi kitu, kisha akakata simu na kuketi palepale chini, jua la Agosti la Alabama likimchoma utosi.

Mkewe, Earnestine, alimwona kupitia dirisha la jikoni akadhani kuna msiba. Mwaka ule mtu akikaa hivyo baada ya simu, hukuwaza kingine. Akatoka mbio, mikono imejaa unga.

"Nani?"

"Hakuna mtu. Msimu."

"Msimu gani?"

"Wa mpira, Earnestine! Wameuahirisha. Vyuo vyote vya ligi yetu. Hakuna kucheza mpaka mwakani, Februari, Machi huko. Korona."

"Ebo! Umenitoa roho kwa ajili ya mpira?" Akarudi ndani, na mlango aliubamiza kwelikweli.

Usicheke. Kama hukuishi Ludlow Bend huwezi kujua. Mji ule una chuo kimoja, Tolliver, chuo cha watu weusi tangu enzi za mababu, na chuo kina timu moja, Korongo. Mpira wenyewe ni ule wao wa kofia ngumu na kuvaana vifua. Septemba mpaka Novemba, Jumamosi si siku ya kufua nguo pale. Magari yanaegeshwa tangu asubuhi na mapema, mbavu za nguruwe zinafuka moshi, bendi inapita, na juu ya yote hayo, kutoka kibanda cha juu ya majukwaa, inashuka sauti ya Alvester. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatangazia watu uwanjani nani kadaka, nani kaangushwa, nani kavuka mstari. Mchana alikuwa fundi bomba. Jumamosi alikuwa Alvester. Tangu aajiriwe kibandani, hajawahi kukosa mchezo wa nyumbani hata mmoja, na alilisema hilo kila alipopata upenyo, hata kwenye mazishi.

Na kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mtu mwenye akili zake Ludlow Bend haoi majira ya mpira. Akioa, atakayehudhuria ni mchungaji peke yake.

Binti yao wa pekee, Corliss, aliijua sheria hiyo na bado, mwaka uliotangulia simu ile, akataka kuolewa Oktoba. Mchumba wake, Lamont, muuguzi wa hospitali, alikuwa mtu wa Ohio, hajui hili wala lile. Jioni ile ya kupanga tarehe alimwangalia mkwewe kwa upole akasema, "Lakini mzee, si mchezo tu?"

 Earnestine akamwongezea kuku haraka haraka.

"Mwanangu," Alvester akamwambia Corliss, kana kwamba Lamont hakusema kitu, "nakuomba. Majira ya maua. Aprili. Ua linachanua, watu wana nafasi, na mimi nina nafasi. Oktoba kuna mchezo na Graves."

Graves ndio watani wao wa jadi. Corliss akakubali. Aprili ikaja, na Aprili ile ikaja na korona, makanisa yakafungwa, Lamont akawa analala hospitalini kwa wiki nzima nzima. Wakasogeza. Oktoba ilikuwa karibu, lakini baba akabembeleza tena, na mtoto akakubali tena. Ikawekwa Machi ya mwaka uliofuata, Jumamosi ya pili. Lamont akaomba likizo yake kazini kwa siku hiyo, akapewa kwa mbinde.

Hiyo ilikuwa Julai. Agosti ndiyo ikalia simu ile. Na Januari ratiba mpya ilipotoka, Earnestine ndiye aliyeisoma kwanza, kwenye simu yake, amesimama jikoni. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavuta kiti.

"Nini?" Alvester akauliza.

"Tolliver na Graves," alisema akijifuta machozi. "Hapa nyumbani. Machi. Jumamosi ya pili, saa nane mchana. Umeikimbia Oktoba, mume wangu, Oktoba imekufuata."

Harusi ilikuwa saa tisa.

 Siku mbili Alvester alizunguka nyumba anapiga hesabu za ajabu ajabu. Kutoka uwanjani mpaka kanisani si mbali. Mapumziko ya katikati ni marefu. Harusi ikichelewa kidogo, nani atajua? Harusi gani haichelewi? Alipomaliza kuzipika hesabu zake akamwita Corliss barazani, wakakaa mbalimbali na barakoa zao, akamweleza.

Corliss alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alishazoea kusikiliza visingizio.

"Kwa hiyo unataka nisogeze harusi."

"Si kusogeza. Kuchelewesha. Saa moja na nusu hivi."

"Baba, nani atakuwa uwanjani? Wamesema mashabiki hakuna. Ni wazazi wa wachezaji tu, na wenyewe wametawanywa."

"Utavitangazia viti?" Earnestine aliuliza kutoka dirishani, maana alikuwa anasikiliza.

"Mchezo bila sauti si mchezo!"

"Baba." Corliss akashusha barakoa, na hilo lenyewe lilimshtua mzee, maana Corliss alikuwa mkali wa barakoa kuliko daktari. "Nisimulie nilivyozaliwa."

Basi hadithi hiyo Alvester aliipenda kuliko zote. Aliisimulia kila sikukuu. Ni mchezo na Graves, robo ya tatu, simu ya kibandani inalia, hospitali wanasema ni msichana. Naye anabonyeza kitufe na kuuambia uwanja mzima: "Mabibi na mabwana, kutoka Ludlow Bend, Alabama, uzito ratili saba na nusu, mchezaji mpya wa Korongo, Corliss Earnestine Mayhew!" Watu wakasimama, bendi ikapiga. Kila akifika hapo watu hucheka na Corliss hucheka nao.

Alianza kuisimulia. Corliss hakucheka. Alipofika penye bendi, binti akamkatiza.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ulikuja saa ngapi hospitali?"

 Alvester alimtazama Earnestine dirishani, na Earnestine, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, safari hii alikuwa anakunja taulo.

"Mchezo uliisha," Alvester akasema. "Halafu… kulikuwa na watu wa kusalimiana nao."

"Watu elfu kumi walijua jina langu kabla hujaniona sura. Nimeicheka hadithi hiyo maisha yangu yote, Baba, kwa sababu unaipenda. Nimeisogeza harusi mara mbili kwa sababu unaipenda hiyo timu. Sisogezi tena. Saa tisa kamili nitakuwa mlangoni mwa kanisa. Ukiwepo, nitakushika mkono. Usipokuwepo nitatembea na Mama. Lakini sitakusubiri."

Akapandisha barakoa yake akaondoka. Alvester alibaki barazani mpaka baridi ikamtoa. Aliona aibu, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Kesho yake alimpigia mkurugenzi wa michezo wa chuo. "Tafuta mtu mwingine," alisema. Mkurugenzi akadhani mzee anaumwa. "Siumwi. Binti yangu anaolewa." Mkurugenzi akauliza kwa upole kabisa kama haiwezekani kusogeza.

Sasa lazima nikueleze kuhusu maegesho ya kanisa. Tangu Pasaka iliyopita, kanisa la Sayuni Jipya lilikuwa linaabudu nje. Watu wanakuja na magari, wanakaa humo humo vioo vimefungwa, na Mchungaji Pettway anahubiri juu ya tela la trekta, kipaza sauti chake kimeunganishwa na mtambo mdogo unaorusha sauti kwenye redio za magari. Watu hawawezi kuitikia, basi wanapiga honi. Honi ndiyo amina. Ukipita barabarani wakati wa maombi ungedhani kuna foleni ya mjini.

Harusi ikawa ya namna hiyo. Tela likapambwa maua meupe, magari yakapangwa safu mbili, katikati ikaachwa njia kutoka mlango wa kanisa.

Earnestine alimpekua mumewe kabla hawajatoka nyumbani, mfuko mmoja mmoja, kama polisi wa uwanja wa ndege. Hakukuta kitu. Hakukuta kwa sababu redio ndogo ilikuwa chini ya kiti cha gari. Walipofika, Alvester akajitia kufunga kamba ya kiatu, akaitia redio mfukoni, akapitisha waya ndani ya koti na kuweka kisikilizio sikioni, upande ambao hatamshika Corliss. Alijiambia ni dakika chache tu. Alijiambia yupo, na kuwepo ndiko alikoombwa.

Wakasimama mlangoni. Corliss alikuwa amevaa gauni la bibi yake lililobanwa upya kiunoni, na barakoa ya kitambaa kilekile.  Sikioni mwa Alvester mtangazaji wa redio alikuwa anahema: sare, robo ya pili, Korongo wana mpira. Nyuma yake ilisikika sauti ya kijana aliyepewa kile kibanda, kijana wa watu, anataja majina kama anayesoma bei za nyanya.

"Uko tayari, Baba?"

"Tayari."

Wakaanza kutembea. Hatua za mwanzo zilikuwa kimya, kinanda tu kikilia kutoka kwenye tela. Wamefika katikati, basi, honi zikalipuka. Safu zote mbili, mbele na nyuma, malori na magari madogo, paaa! Shangazi mmoja mle ndani anapiga dashibodi kwa viganja. Na sikioni mwa Alvester mtu alikuwa anapiga kelele kwamba Korongo wamevuka mstari.

Ndipo akaelewa. Magari yote hayo, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa kwenye masafa ya kanisa. Wote walikuwa kwenye mpira. Alitamani ardhi impasukie. Hao ndio watu aliowalea mwenyewe kwa sauti yake.

"Wanakupigia wewe," alimwambia Corliss, upesi mno.

Corliss aliendelea kutembea, macho mbele, tabasamu halionekani ila limefika machoni. "Baba."

"Mm?"

"Mchungaji hajasema neno hata moja. Amina ya nini?" Akanong'ona, "Nani kafunga?"

 Hakukuwa na pa kujificha, njia yenyewe ni nyembamba na kila mtu anawatazama.

"Sisi," akasema.

"Lete."

Akakitoa kisikilizio, akauvuta na waya, na redio yenyewe. Corliss akavipokea bila kusimama, akavisokomeza katikati ya shada lake la maua, wakaendelea. Hakumkemea. Lakini mkono wake aliokuwa ameupitisha kwenye wa baba yake ulilegea kidogo, na Alvester aliuhisi ulivyolegea. Hakuna alichowahi kupoteza uwanjani kilichomuuma namna ile.

Wakafika penye tela. Lamont amesimama pale, suti imembana, amelia tayari. Mchungaji Pettway akakohoa, akashika kipaza sauti chake ambacho hakuna aliyekuwa anakisikiliza, akauliza, "Nani anayemtoa binti huyu kuolewa?"

Jibu ni maneno machache. Mimi na mama yake, basi, unakaa. Alvester alitazama yale magari, vioo vimefungwa, vichwa vimeinamia redio. Akavua barakoa. Akavuta pumzi mpaka vifungo vya koti vikalalamika, akaitoa ile sauti ya Jumamosi, bila kipaza sauti, bila kibanda.

"Mabibi na mabwana!"

Vichwa vikainuka. Sauti ile hakuna mtu wa Ludlow Bend asiyeijua, hata usingizini. Kioo kimoja kikashuka. Kikafuata kingine. Redio zikazimwa moja baada ya nyingine, mpaka ukaweza kusikia upepo kwenye maua ya tela.

"Kutoka Ludlow Bend, Alabama," akasema, akamgeukia Corliss. "Mwalimu wa watoto wenu. Binti wa Earnestine. Nimemshika mkono, ninamwona kwa macho yangu, na mimi na mama yake ndio tunaomtoa. Corliss! Earnestine! Mayhew!"

Honi zililia mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Earnestine, aliyekuwa kasimama karibu na Lamont, alijifunika uso kwa mikono miwili.

Corliss aliukaza mkono wake. Aliukaza kwelikweli, mpaka pete ya babake ikamfinya mzee kidoleni.

"Na honi hizi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Hizi ni za nani?"

"Hizi zako," Alvester akasema. Safari hiyo hakuwa na njia ya kujua kingine, maana redio ilikuwa kwenye maua.