Unga Uliogoma Kuganda

Fundi wa meno alikuwa na tangazo ukutani kwake, kaliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MENO YA BANDIA HAYAOSHWI KWA MAJI MOTO, YATAPINDA. Kila mteja alisomewa tangazo hilo, hata anayejua kusoma. Sasa niambie, mtu kama huyo anafikaje mahali pa kuyapika meno ya mama mkwe wake?

Aliyapika, tena kwa majani ya chai. Mama mkwe alikuja kukaa nao kwa ajili ya harusi ya binti yake mdogo, na kila akilala meno yake ya juu aliyaweka kwenye kikombe jikoni. Asubuhi moja fundi, usingizi haujamtoka, akachukua kikombe hicho hicho, akatia majani, akamimina maji yanayochemka. Alipokoroga, kijiko kikagonga kitu. Kuchungulia, meno yanamchekea, yamejipinda kama soli ya kiatu iliyosahauliwa juani. Badala ya kusema, akamwaga chai, akayasuuza, akayarudisha kikombeni, akaenda zake kazini kimya.

Lawama ikamwangukia mke wake. "Nani mwingine anayeosha vyombo humu?" mama alifoka. Mke alikana, akalia, hakusikilizwa, maana mama yule akishaanza kusema hata redio huona haya. Siku tisa sasa mke anasimangwa asubuhi na jioni kwa kosa asilolijua, na mwenye kosa yupo mezani anakula wali. "Kesho nitasema," alijiambia kila siku. Mwoga yule, kesho yake ilikuwa haina mwisho!

Ikafika Jumanne. Harusi ilikuwa Jumamosi, mama ndiye wa kusimama kuwaasa maharusi, na meno mapya yanataka siku tatu. Mama akaketi kwenye kiti cha karakana. Mke akabaki nje ya pazia, kwenye benchi la wateja, macho yamemvimba.

Kazi ya kwanza ni kuchukua alama ya kinywa. Kuna unga maalumu. Unakorogwa na maji uwe uji mzito, unapakwa kwenye kijiko kipana cha chuma, unaingizwa mdomoni, na ukiganda unabaki na sura ya kinywa. Siri iko kwenye maji. Yakiwa na joto, unga unakurupuka na kuganda upesi; yakiwa baridi, unajivuta. Ndiyo maana kila jioni mke alimjazia ndoo na kuiweka ndani ipoe. Jana hakujaza. Nani ajaze ndoo ya mtu huku machozi yanamtiririka na mtu mwenyewe hata hamtetei?

Fundi akafungua bomba bila kuwaza. Tangi jeusi lilikuwa juu ya bati, na jua la saa saba lilikuwa halina utani. Akakoroga mara tatu, mara ya nne mwiko ukasimama wenyewe bakulini.

"Mbona umekuwa jiwe?" mama akauliza.

"Bahati mbaya, Mama."

"Bahati! Mafundi wa siku hizi kila kitu bahati..." Hapo mama akaanza, akasema wee.

Fundi akakoroga wa pili, mbio mbio. Huo ukagandia kwenye kijiko, shubiri moja tu kutoka kwenye mdomo uliokuwa bado unasema.

Kopo la unga likabaki na wa mara moja tu. Jasho likamtoka. Akayagusa maji ya bomba, yakamchoma vidole. "Kumbe!" Akaruka hadi kwenye friji, akatoa chupa ya maji yaliyojaa vipande vya barafu, akakorogea hayo. Haraka haraka haina baraka, ila kumbe na polepole nayo ina mambo yake.

"Usiseme kitu, Mama," fundi alisema akikishikilia kijiko kinywani mwa mama. "Ukisema tumeharibu, na unga ndio umekwisha."

Dakika mbili, akagusa: uji. Dakika nne: uji. Mama akatoa macho, akaguna, akanyamaza. Kimya kama kile fundi hakuwahi kukisikia tangu aoe. Na ndani yake akasikia kitu: nje ya pazia, mke wake anapenga kamasi polepole, hataki asikike. Ilimuuma fundi, ikamuuma kweli kweli.

"Mama, si yeye. Ni mimi." "Niliyamwagia maji ya chai, sikuyaona. Nikamwacha mwanao asimangwe siku tisa kwa sababu ninakuogopa. Naona aibu, Mama. Mimi, mwenye tangazo!"

Mama akalitupia jicho tangazo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Usilie, Mama! Usitikisike, jamani, unga!"

Hakuwa analia. Dakika ya saba unga ukakubali, kijiko kikatoka na alama safi, na mama akacheka hadi akashika mbavu. Halafu akaacha ghafla.

"Unadhani sikujua? Meno yalinuka chai. Mwanangu hanywi chai tangu utoto wake."

"Sasa kwa nini ukamsimanga yeye?"

"Nilikuwa nakuwashia moto wewe! Nikasema moyoni, huyu akiona mkewe anaonewa, atachemka leo leo, atasema. Wapi! Siku tisa. Nimechochea mpaka nimemuunguza mwanangu bure, na hilo ni kosa langu. Lakini wewe! Hata unga wa barafu umekushinda mbio."

Mama akanyoosha mkono, akavuta pazia. Mke alikuwa amesimama pale pale, kopo la maji ya kusukutulia mkononi, na kila neno alikuwa amelisikia.

"Huyo hapo," mama alisema. "Mwambie na yeye, usoni. Ukimaliza, na mimi nitamwomba radhi. Na safari hii, mkwe wangu, usitie barafu."