Sentimita Mia na Arobaini

Mume wangu Pitchou hawezi kukaa na habari njema hata kwa saa moja. Viza zetu za Ufaransa zilitoka Alhamisi, na Jumapili alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi, akitoa ushuhuda. Angesema asante Mungu na kukaa chini, ningempenda. Lakini alitaja na tarehe. Akataja na gari la mkwe wetu. Akataja na njia yote, kutoka Nice anakoishi binti yetu Glody hadi Pau anakoishi dada yangu, mji baada ya mji, utafikiri anaita abiria.

Ibada haijaisha, familia tano zilikuwa zimetuzunguka. Mmoja ana kaka Nîmes, mwingine ana shangazi Montpellier, mwingine ana ndugu Béziers, mwingine Narbonne, na Mzee Ignace ana binti Toulouse. Kila mmoja ana kamzigo kadogo tu: dagaa wakavu tunaowaita ndagala, mihogo iliyosagwa, picha za harusi. Pitchou aliwaitikia wote. "Tunapita palepale," alisema, na kila mtu akambariki.

Mimi sikumbariki. Nilikuwa nawaza saa.

Dada yangu mkubwa, Yaya kwa lugha ya kwetu, anaitwa Thérèse. Analea wazee kwenye nyumba moja huko Pau, na zamu zake za Jumamosi na Jumapili ni za usiku. Saa moja jioni anatoka nyumbani. Na mkwe wetu anaweza kutuachia gari Jumamosi na Jumapili tu, maana Jumatatu anakwenda nalo kazini. Kwa hiyo tuna Jumamosi moja: tuondoke Nice saa kumi na moja alfajiri, tuvuke kusini yote ya Ufaransa, tufike Pau dada yangu akiwa bado nyumbani. Jumapili tunageuza.

Sijamwona kwa miaka ishirini na miwili. Lakini si hilo tu. Miaka minane iliyopita mama yetu alifariki Lubumbashi, nami nikapanda basi kutoka hapa Johannesburg, siku tatu, nikafika na miguu imevimba. Thérèse hakuja. Alipopiga simu, niliiweka simu kwenye spika, na mbele ya wote waliokuja kilioni nikamwambia kama ana mama mwingine huko Ulaya, basi abaki naye. Miaka miwili baadaye Glody ndiye aliyenieleza: makaratasi ya mama mkubwa wake yalikuwa bado hayajatoka, angeondoka Ufaransa asingerudi tena. Alimwomboleza mama kwa simu tu, na mimi nikamtukana. Nilijisikia vibaya sana, na bado najisikia.

Kwetu mdogo akimkosea mkubwa haombi radhi kwa simu. Anakwenda mpaka kwake, anakaa chini miguuni pake, anamwekea kitu mapajani, ndipo anafungua mdomo. Kitu changu kilikuwa tayari: kitenge cha kijani chenye ndege, kizuri mno, nimshonee libaya, yaani blauzi, na sketi. Kilikaa juu ya rafu yangu wiki tatu bila kukatwa. Vipimo vyake sina, na kumuuliza niliogopa. Siku hizi tulikuwa tunasalimiana mwaka mpya tu. Glody alikuwa amempa habari ya safari, akajibu, "Muje." Neno moja. Nimeligeuza kila upande na sijui lina moyo gani.

Jumatatu asubuhi alikuja Khatibu, Mtanzania wa Tanga anayeendesha lori la mizigo kutoka hapa hadi Lubumbashi. Alikuwa amefuata suruali yake. Nikamfungia mlango wa duka langu la ushonaji.

"Khatibu, hutoki hapa mpaka unipangie njia."

Alicheka, akakaa juu ya kigoda, akafungua ramani kwenye simu yake. Duka langu liko La Rochelle, si ile ya Ufaransa, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia. Alitazama ramani, akatazama meza.

"Mama Glody, hizi ni kilomita mia saba na sabini. Ni kama utoke hapa, uvuke mpaka wa Beitbridge, ukakaribie Masvingo huko Zimbabwe. Ila kwa wenzetu hakuna foleni ya mpaka wala ng'ombe barabarani. Weka saa nane, pamoja na mafuta na kunyoosha miguu."

Mimi hesabu ya kichwani hainiingii, nahitaji kuiona. Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikainyoosha juu ya meza, nikabandika pini. Sentimita kumi ni saa moja. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni ni sentimita mia na arobaini. Hicho ndicho kitambaa, hakuna kingine dukani. Nikakata karatasi ya kaki ya sentimita themanini, nikaandika NJIA. Zilibaki sitini. Saa sita na dada yangu. Moyo ulinitulia kidogo.

"Na wale watano wa Baba Glody?" Khatibu aliuliza. Kumbe habari zilishafika hata kwa Watanzania.

Kumtembelea Mkongo si kugonga na kuondoka. Unaingia, mnaomba. Unapewa maji. Bukari, ugali wetu, inasongwa, na kama kuna kuku hujaokoka. Mnakula, mnaonyeshana picha za marehemu, mnaomba tena, na hapo mwenyeji ndiyo kwanza anakuuliza habari. Saa mbili ni kwa wenye haraka. Nikakata vipande vitano vya sentimita ishirini, nikavipanga baada ya njia. Viliipita futi, vikaning'inia pembeni mwa meza.

Khatibu alihesabu kwa vidole. "Mtafika saa tano usiku."

Wakati huohuo Pitchou aliingia akitoka zamu yake ya ulinzi huko Midrand, bado na sare, mkononi ana mfuko mwingine wa ndagala. Harufu yake niliisikia kabla sijauona.

"Papa Glody, kuja uone," nilimwambia kwa Kiswahili cha kwetu Lubumbashi. "Hii njo siku yetu yote. Hii njo njia. Na bile vinaanguka chini, njo batu yako."

Alitazama. "Tutaenda mbio."

"Kule kuna kamera kila mahali, shemeji," Khatibu alisema. "Mkwe wako atakuja kukudai faini."

"Basi tutakula kidogo-kidogo."

"Weye? Ukule kidogo?"

"Sasa minaambia batu nini? Minasimama mbele ya Mungu, nasema ndiyo."

Hapo nilipandwa na hasira. "Yaya Thérèse anatoka saa moja. Tukifika saa tano ya usiku, ile neno nitaisemea mlango?"

Pitchou aliweka mfuko chini. Alikuwepo kwenye kilio siku ile, alinisikia kwa masikio yake. Hakunitetea wala hakunilaumu, alianza tu kuokota vipande vyangu vya karatasi vilivyodondoka, akaviweka kimoja juu ya kingine ili visipotee, akanipa.

Nilivishika. Pembeni ya cherehani kulikuwa na sare za kwaya, mablauzi ya watu kumi na wawili. Yale sikuyakata moja-moja, nani ana muda huo? Nilikunja kitambaa, tabaka juu ya tabaka, nikapitisha mkasi mara moja. Kazi ya kila siku, na nilikuwa nimeitazama tangu asubuhi kama mjinga.

Nikaweka vile vitano, vyote pamoja, juu ya futi. Vikala sentimita ishirini tu.

"Batakuja bao kwetu, mu njia," nilisema. "Nafasi moja. Bote."

Khatibu alirudi kwenye ramani. Mji wa Carcassonne, akasema, mwendo wa saa tano kutoka Nice. Glody, kwa simu, alitupatia bustani ya watu wote kando ya mto, chini ya ngome ya zamani ya mji ule. Saa nne asubuhi hadi saa sita. Kila mtu aje na chungu chake, apokee mzigo wake, tuombe mara moja kwa wote. Saa tisa tuko Pau. Zilibaki sentimita arobaini za dada yangu.

Aliyevuruga nikamwachia atengeneze. Pitchou alipiga simu tano, jasho likimtoka. Kaka wa Nîmes alilalamika kwamba Carcassonne ni mbali, mwendo wa saa mbili.

"Siye tunatoka Johannesburg," Pitchou alimwambia, na kaka wa Nîmes akauliza alete bia ngapi.

Jumatano nilikuwa nashona vifungo simu ilipoita. Namba ya Ufaransa. Nilidhani ni Glody.

"Léocadie." Ilikuwa sauti ya mama yetu kabisa, kumbe Thérèse. Nikasimama, sijui kwa nini, dukani sikuwa na mtu. "Binti ya Ignace ananiambia mutakuwa Carcassonne saa ine. Batu bote umewapangia nafasi. Miye unaniweka mwisho ya njia."

"Yaya, miye njo mudogo. Ni miye nakuja kwako. Haifai weye unifuate."

"Unanibakishia masaa ngapi?"

"Ine."

"Miaka ishirini na mbili, masaa ine. Ijumaa nitalala Toulouse kwa binti ya Ignace. Asubuhi batanileta Carcassonne. Kutoka pale tunaingia gari moja, mpaka kwangu. Ile masaa ya njia nayo ni yetu."

Mkubwa hafanyi hivyo. Tangu nizaliwe sijaona mkubwa aliyekosewa akitoka kwake kumlaki mdogo nusu ya njia. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Yaya, niko na neno ya kukuambia. Ya siku ya kilio."

"Najua. Utaniambia mu gari. Njia iko murefu." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Glody anasema unanishonea kitu na hauna vipimo. Uliogopa kuniuliza kifua?"

Nilicheka mpaka pua ikajaa. Nikatafuta chaki, nikaandika palepale juu ya meza, kando ya futi ya safari, kila namba aliyoitaja: mabega, kifua, kiuno.

"Kwa kiuno ongeza ine," alisema. "Tunapita kwanza kwa ile bukari."

Nikaongeza nne. Kisha nikang'oa pini, nikaichukua futi yangu, nikakishusha kitenge cha kijani kutoka rafuni.