Mvua ya Mama

Jumatatu saa mbili asubuhi, fundi makochi aliegemeza ngazi ubavuni mwa gari-nyumba la marehemu mama yake, akapanda mpaka juu, akaanza kuligonga paa kwa fundo la kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Palipolia vizuri alipaacha. Palipolia bubu alipatia alama ya chaki. Kisha akashuka, akakaa kwenye kipandio cha mlango na kugawa ukurasa wa daftari kwa mstari mmoja katikati. Upande huu akaandika NAWEZA, upande ule SIWEZI.

Kwenye SIWEZI aliingiza injini, breki, nyaya na bomba la gesi. Huko hakutaka ubishi hata na nafsi yake. Gesi si kochi. Kwenye NAWEZA aliingiza mpira wa kidirisha cha paani, mipira ya madirisha mengine, ubao wa sakafu uliolainika chini ya sinki, komeo la mlango na sponji za viti. Akafikiri kidogo, kisha akaweka namba moja kwenye paa. Ukitengeneza sakafu wakati paa linavuja, utaitengeneza tena.

Gari lenyewe lilikuwa na kitanda, jiko la sahani mbili, meza ya kukunja na choo ambacho mtu mnene alikiingia kwa kurudi nyuma. Baba yao alilinunua alipostaafu ili azunguke na mkewe. Walizunguka mara mbili, injini ikasusa. Baba alipofariki, mama aliuza nyumba yake ili mwanawe mkubwa amalizie ghorofa, naye akahamia kwenye gari, nyuma ya ghorofa hiyo hiyo, kwa muda mfupi tu, mpaka chumba chake cha chini kiwekwe vigae. Mwanawe huyo alikuwa na duka la vigae. Muda mfupi ulichukua miaka sita, ukaishia hospitali. Madaktari walisema ni kifua.

Miezi minane baada ya mazishi, kaka mtu alimpigia simu dada yake, fundi makochi.

"Mdogo wangu, njoo ulitazame lile gari. Yale madogo madogo tu, yasiyohitaji fundi."

"Mimi ni fundi, kaka."

"Si ndiyo maana nimekupigia."

Hakusema linatengenezwa kwa ajili gani, naye hakuuliza. Alidhani linauzwa.

Jumatatu hiyo alikwangua silikoni kuukuu kuzunguka kidirisha cha paani, akapasafisha kwa spiriti, akaweka mpira mpya na kuufungia kwa silikoni mpya, akiilainisha kwa kidole kilicholowanishwa maji ya sabuni. Jioni alilimwagia paa maji ya bomba kwa nusu saa. Ndani hakikudondoka kitu. Aliichora namba moja mstari, akaenda kulala kwenye sofa ya kaka yake, sofa aliyoishona mwenyewe.

Jumanne jua liliwaka tangu asubuhi. Saa tatu, akiwa amepiga magoti chini ya sinki, mvua ilianza kunyesha ndani ya gari. Ilinyesha juu ya kitanda, upande wa mto. Alipanda kitandani akapapasa dari. Ilikuwa kavu kama karatasi. Mvua ilianzia shibiri moja chini yake. Alikinga ndoo, akarudi kwenye ubao wake. Baada ya dakika arobaini ikakatika.

Jumatano ilinyesha saa kumi, kidogo, miguuni pa kitanda. Alhamisi ililowesha godoro lote.

Alipokuwa anatafuta mahali pakavu pa kuweka misumari ndipo alipofungua kabati la juu na kukuta kalenda za mama yake, sita, zimebandikwa ndani ya mlango moja juu ya nyingine. Siku fulani fulani zilizungushiwa penseli, na pembeni kuna maneno machache kwa mwandiko wa kuegemea kushoto. Ya kwanza kabisa ilisema: *Saa tatu. Upande wa mto. Nimemwambia.* Ya pili: *Saa kumi. Miguuni, kidogo. Nimemwambia.* Ya tatu: *Godoro lote. Nimemwambia tena.*

Basi ilikuwa inakuja kwa mpangilio. Fundi makochi aligeuza kurasa ajue ya kesho, kama mtu anayetazama ratiba ya treni. Ya kesho ilisema: *Saa moja jioni. Kubwa. Binti kapiga simu, nimemwambia niko salama.*

Ijumaa, saa moja kasorobo, aliweka vyombo chini na kukaa kwenye kiti kisicho na sponji. Saa moja mvua ikaja, ikapiga shuka ya plastiki aliyofunikia godoro. Sauti hiyo aliifahamu. Siku ile, kwa simu, alikuwa ameuliza, "Mama, nini hicho kinachochachatika?" na mama akajibu, "Nakaanga vitunguu, mama." Naye akacheka, akasema vinanukia mpaka huku.

Ilikuwa inafanana na vitunguu kweli. Alikaa akaisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na la kufanya na mikono yake, akaikalia.

Kaka yake alikuja ikiwa bado inadondoka. Alisimama katikati ya gari, matone yakamwangukia kwenye kipara, akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Paa hujaliziba?"

"Limezibika. Hii ni ya mama."

"Mama hakuwahi kuniambia kama panavuja."

Alimwonyesha kalenda. Kaka mtu alisoma polepole, huku akifunua kurasa kwa ncha ya kidole. *Nimemwambia* ilikuwemo mara kumi na moja, mwaka wa kwanza wote. Baada ya hapo haikuandikwa tena, ila siku za mvua ziliendelea.

"Ameandika amemwambia," alisema. "Hajaandika amemwambia nani."

Dada mtu alimtazama. Yeye alirudisha miwani usoni.

"Hizo zilizobaki ni ngapi?"

"Ni za miaka sita, kaka."

"Basi itabidi ulikamilishe tu hivyo hivyo. Shangazi anahamia kesho."

Shangazi yao, dada wa baba, alikuwa na miaka sabini na minne na goti bovu. Kiwanja chake kilikuwa kimepata mnunuzi, kaka mtu akaeleza, na duka lilihitaji tawi la pili. Angekaa kwenye gari kwa muda.

"Na kile chumba cha chini?"

"Kina mashine ya wifi yako ya kukimbilia."

"Itolewe."

"Iwekwe wapi? Ile mashine ni nzito, mdogo wangu, huijui."

Fundi makochi alifikiria nyumba yake mwenyewe: vyumba viwili, kimoja kimejaa makochi ya watu mpaka mlangoni. Alifikiria ngazi za kupandia huko, na goti la shangazi. Akachukua futikamba.

"Niachie taa," alisema.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Alikata kipande cha ngozi ya plastiki anayovikia makochi, akakishona kingo, akakitundika juu ya kitanda kwa mteremko, shibiri moja na nusu kutoka darini. Ukingoni aliunga bomba lililopasuliwa, akalitoa dirishani mpaka kwenye majani ya kaka yake. Akalijaribu kwa kikombe cha maji. Maji yalikwenda yenyewe. Ilikuwa kazi safi, na alijua ni safi, na hilo halikumfurahisha.

Shangazi alifika Jumamosi mchana na mabegi mawili. Aliingia kwa kushika mlango kwa mikono yote miwili. Mvua ilikuwa imeanza, ya wastani, ikiteleza kwenye ngozi na kutokea dirishani.

"Mvua ya nani hii?" aliuliza.

"Ya mama, shangazi."

"Aaa." Akaitazama kwa muda. "Wifi yangu maskini. Yeye alikuwa analala upande gani?"

"Wa mlangoni. Alipajaribu pote."

"Basi na mimi nitaanzia hapo."

Aliketi kitandani, akanyoosha goti. Dada mtu alimwonyesha komeo jipya, akamwambia sinki lina shinikizo dogo, avumilie. Wakanywa chai. Nje kaka mtu alikuwa ameinama anachunguza bomba, akasema kwa sauti kwamba majani mwaka huu yatapendeza.

Saa tisa alimpeleka mdogo wake kituo cha basi kwa gari lake. Njiani alimweleza habari za vigae vipya vilivyoingia dukani, visivyoteleza, vizuri sana kwa sehemu za majimaji. Dada mtu akasema vinaonekana vizuri. Kituoni kaka mtu alimshukuru kwa kazi, naye akajibu hakuna shida. Mgongoni blauzi yake ilikuwa bado mbichi, ikaacha alama ya maji kwenye kiti cha gari. Aliipangusa kwa leso mpaka ikapotea, kisha akashuka.